Kundi la Kimya

Mstari wa namba 2117 ulianza kupanda saa tatu na robo asubuhi, Subilaga Mwalwisi akiwa hajavua hata koti la mvua.

Alikuwa ameingia chumba cha ufunguo kama kila siku, akafunga mlango kwa ndani na kuweka kiganja kwenye kioo cha mashine. Mashine ilipomtambua, ukuta mzima ukajaa mistari. Wanawake elfu nne wajawazito wa milima ya Rungwe walikuwa pale, kila mmoja namba na mstari mwembamba uliotoka kwenye bangili aliyovaa mkononi. Bangili ilisikiliza mshipa wa damu usiku na mchana, ikapeleka ilichosikia kwenye mnara wa kijiji, na mnara ukakileta hapa, Kituo cha Utafiti cha Lwangulo.

Nusu ya mistari ilikuwa ya kijani. Hiyo ilitoka kwa bangili zinazosema. Mshipa ukianza kukaza kwa namna inayotangulia kifafa cha mimba, bangili ililia na kuwaka nyekundu, na papo hapo simu ya zahanati ikaita. Nusu nyingine ilikuwa ya kijivu. Bangili zake zilisikia vilevile na kupeleka vilevile, ila hazikusema kitu. Kwa macho mtu asingeweza kuzitofautisha. Wenye kuzivaa walielezwa tangu mwanzo, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, kwamba watagawanywa kwa bahati nasibu na hakuna atakayejua yuko upande gani. Walikubali, wakaweka saini au dole gumba.

2117 ilikuwa ya kijivu.

Subilaga alisimama akiutazama ule mstari mpaka maji ya koti yakafanya dimbwi miguuni pake. Katika miezi kumi na minne alikuwa ameuona mstari wa namna hiyo mara tisa upande wa kijivu. Watano kati yao walijifungua salama bila mtu kuwagusa. Wanne walikufa, na hakuna aliyepitisha siku ya pili. Upande wa kijani nako mambo hayakuwa mepesi. Kuna bangili zilizolia bure, na mara mbili madaktari waliohofu kelele zake waliwatoa watoto kabla ya wakati. Watoto wale walikufa, na baadaye ikaonekana mama zao hawakuwa na ugonjwa wowote. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kusimama akaapa kwamba bangili inaokoa. Ndiyo sababu utafiti ulikuwepo. Mfuko wa Afya ya Mama wa nchi za Maziwa Makuu, uliogharamia kila kitu kuanzia minara hadi mishahara, ulikuwa umeahidi kwa maandishi: bangili ikithibitika, kila mjamzito katika nchi nane ataivaa bila kulipa.

Aliyeruhusiwa kuiona mistari ya kijivu alikuwa mtu mmoja tu, mlinzi wa ufunguo, naye alikuwa Subilaga. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mistari inafika salama na kuandika kila jioni kwamba haikuguswa. Aliapa kutosema. Na ili kiapo kisimlemee, walimpa namba, hawakumpa majina.

Lakini 2117 ilikuja kwa mnara wa Kabembe. Radi iliupiga mnara huo miezi miwili nyuma, na Subilaga ndiye aliyekwenda na fundi kuutengeneza. Wanawake waliovaa bangili pale kijijini walikuwa watatu. Wawili walikwisha kujifungua. Aliyebaki ni mchuma chai mmoja aliyewakaribisha siku ile, akawapa ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando. Alicheka akasema bangili yake ina adabu sana, haijawahi kumpigia kelele. Jina lake Tusekile.

*

Dakta Ambakisye Mwakyoma, mkuu wa utafiti, alikuwa dirishani akisoma. Alianza kuuombea utafiti huu fedha akiwa na nywele nyeusi. Sasa hakuna hata moja iliyobaki nyeusi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kaa." Kisha akamtazama usoni. "Hapana. Usikae. Na usiseme."

"Sijasema kitu."

"Umekwisha kusema nusu yake. Mlinzi wa ufunguo haji kwangu asubuhi." Alifunga mlango, akabaki ameshika kitasa. "Subilaga, mwanangu, ukinitajia namba moja tu, mimi nitakuwa nimejua. Nikishajua, siwezi tena kuhesabiwa kama daktari asiyejua. Kazi ya miaka yote itakuwa imekufia hapa mlangoni. Iandikie Kamati inayousimamia utafiti. Wao ndio wenye ruhusa ya kufungua hesabu."

"Kamati inajibu baada ya siku tatu."

"Najua."

"Mstari hausubiri siku tatu, Daktari."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kung'aa.

"Nilipokuwa kijana nilishiriki kujaribu dawa moja nzuri sana," alisema. "Wauguzi waliipenda. Wakawaonea huruma wagonjwa waliopangiwa kuikosa, wakawapa kwa siri. Tulipofungua hesabu, pande mbili zilifanana. Dawa ikaandikwa haina kazi. Ilipita miaka kumi na mmoja kabla mtu hajapata fedha za kuijaribu tena, na safari hiyo ikaonekana inafanya kazi. Wagonjwa wa miaka kumi na mmoja, Subilaga. Nani aliwaua? Wale wauguzi wenye huruma. Nami nilikuwa mmoja wa waliofumba macho."

"Na huyu wa leo, nani atakuwa amemuua?"

Dakta Ambakisye alivaa miwani, akafungua mlango.

"Kaiandikie Kamati," alisema taratibu. "Nenda, kabla hujaniambia."

Aliandika. Jibu lilirudi hapo hapo, la mashine: barua yako imepokelewa, utajibiwa ndani ya saa sabini na mbili. Subilaga akakaa mbele ya ukuta. Alijaribu kufikiria nchi nane. Aliweza kufikiria ramani yake, mipaka na maziwa, lakini watu hawakuja. Kila alipowaita alikuja mmoja tu, akicheka na bakuli la maziwa mkononi.

Labda angekuwa kama wale watano. Watano ni wengi kuliko wanne. Alijishikilia kwenye hesabu hiyo hadi adhuhuri. Saa sita na nusu mstari ulivuka alama ambayo kati ya wale tisa ni watatu tu walioivuka, na wote watatu walizikwa.

Subilaga alizima ukuta, akachukua koti lake.

*

Bodaboda ya umeme ilimshusha mwisho wa barabara, akapanda kwa miguu katikati ya mashamba ya chai. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu ukitambaa juu ya majani. Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba hajafanya kosa bado. Kupanda mlima si kosa.

Alimkuta Tusekile nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha. Miguu ilikuwa imevimba hadi vifundo havionekani. Alikuwa amefunga kitenge kichwani, amekikaza sana.

"Karibu dada! Mnara umeharibika tena?"

"Mnara ni mzima. Kichwa kinakuuma?"

"Tangu jana. Moshi wa kuni huu, kuni mbichi." Tusekile alifikicha macho. "Hata kuona naona nyotanyota. Mama mkwe amekwenda kunitafutia vidonge dukani."

Subilaga alichuchumaa mbele yake. Sasa ndipo kosa lilipokuwa. Alijua kwamba bado angeweza kusema, pole, nenda zahanati ukapime presha, kama mpita njia yeyote ambavyo angesema. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa tatu, na mwenye kuumwa kichwa kwa moshi haendi mwendo wa saa tatu.

"Bangili yako ni ya kimya," alisema. "Imekuwa ikisema tangu asubuhi, ila imenyimwa sauti. Inaona kifafa cha mimba kinakuja. Naita gari la wagonjwa sasa hivi, tunakwenda hospitali pamoja."

Tusekile alitazama mkono wake kana kwamba umeletwa na mtu mwingine. Mkono wa pili ulikwenda tumboni wenyewe.

"Una uhakika?"

"Hapana. Wapo walioonyesha hivi wakajifungua salama."

"Na wapo ambao hawakujifungua salama."

"Wapo."

"Wangapi?"

"Wanne."

Kuku alipita kati yao akidonoa. Subilaga alikuwa tayari ameshika simu, amekwisha kuita gari, anaeleza njia, na muda wote huo yule mwanamke hakuondoa macho usoni pake. Simu ilipokatwa aliuliza, bila ukali:

"Hao wanne uliwaona kama ulivyoniona mimi?"

"Niliona mistari yao."

"Ukawaacha."

"Nikawaacha."

"Kwa nini mimi hukuniacha?"

Subilaga alitafuta neno la heshima na hakulipata. "Kwa sababu nakujua jina," alisema.

Tusekile alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona si ya kawaida. Kisha alinyoosha mkono ili asaidiwe kuinuka.

*

Walipofika hospitali presha yake ilikuwa mia moja na themanini kwa mia moja na ishirini. Walimchoma sindano ya kuzuia degedege, wakamlaza chumba chenye mapazia, na jioni hiyo daktari wa zamu aliamua mtoto atolewe. Alitoka msichana wa kilo moja na nusu, mdomo umekunjamana, kilio chake chembamba kama cha paka. Waliogopa mapafu yake. Siku ya nne aliweza kupumua bila mashine. Siku ya sita mama yake alikuwa amekaa kitandani, amemfunga kifuani ngozi kwa ngozi, anamwita Lugano.

Katika faili la hospitali iliandikwa: amekuja akilalamika kuumwa kichwa na kuona nyotanyota. Ilikuwa kweli. Hakukuwa na neno juu ya bangili, wala juu ya mwanamke aliyekuja naye kwenye gari.

Jibu la Kamati lilikwisha kufika siku ya tatu: endelea na utaratibu, hesabu zitafunguliwa kwenye kikao cha mwezi ujao.

Siku ya saba Subilaga aliingia ofisini kwa Dakta Ambakisye akamwambia yote, namba na jina. Safari hii mzee hakumzuia. Alisikiliza, mikono yake imelala juu ya meza, hadi Subilaga alipomaliza.

"Wazima wote wawili?"

"Wote wawili."

"Mungu ashukuriwe." Alisema kwa dhati, macho yake yalilowa. Kisha akainuka akatazama nje. "Faili la hospitali linasema alikuja mwenyewe."

"Ndivyo linavyosema."

"Wajawazito elfu nne, Subilaga. Mmoja hageuzi kitu. Kikao ni mwezi ujao. Ungeweza tu kunyamaza." Aligeuka. "Mimi leo ningekuwa sijasikia."

Subilaga alikuwa ameyapitia hayo siku sita mfululizo, akiwa ameketi mbele ya ukuta. Angependa sana yawe kweli.

"Si mmoja kati ya elfu nne, Daktari," alisema. "Wengi hao hawakuumwa kitu, mistari yao haituonyeshi chochote. Swali letu lote limelala kwa wale ambao mstari wao ulipanda bangili ikanyamaza. Walikuwa tisa. Sasa ni kumi. Kwenye karatasi Tusekile ni mtu wa kijivu ambaye mstari wake ulipanda, hakuna aliyemwambia, akapona yeye na mtoto. Nikinyamaza, atahesabiwa kuwa ushahidi kwamba bangili haina kazi. Mzima wa sita kati ya kumi. Nitakuwa nimemwokoa, halafu nikautumia uzima wake kuwanyima wengine."

Mzee alirudi kwenye kiti chake. Aliketi taratibu, akishika meza.

"Kama wale wauguzi," alisema.

"Kama wao."

"Na ukisema, Mfuko utafunga."

"Huenda."

"Si huenda. Mlinzi wa ufunguo ameuvunja mlango. Watauliza ni mara ngapi nyingine. Utawaambia mara moja tu, na watakuwa na haki ya kutokuamini." Alivuta karatasi, akaitazama, akamsukumia. "Andika kwa mkono wako. Andika siku na saa. Mimi nitaandika yangu chini."

"Yako ni ipi, Daktari? Wewe hukujua."

"Nilijua kwamba kuna kitu cha kujua," alisema Dakta Ambakisye. "Niliona uso wako."

*

Barua ya Mfuko ilikuja baada ya siku ishirini na mbili. Haikuwa na matusi. Ilisema hesabu zote kabla ya siku ile zitahifadhiwa, na kwamba zinaelekea upande mzuri lakini hazitoshi kuamua. Ilisema fedha za awamu ya tatu zimesitishwa, utafiti utaanzishwa upya katika nchi nyingine, kwa walinzi wawili wa ufunguo badala ya mmoja, na jibu linatarajiwa baada ya miaka minne. Kwa kuwa kifaa ambacho hakijathibitishwa hakiruhusiwi kuvaliwa nje ya utafiti, bangili zote zikusanywe, zinazosema na za kimya.

Kufuli la bangili lilifunguka kwa mkono wa mlinzi wa ufunguo peke yake. Kwa hiyo Subilaga, ambaye barua yake ya kuachishwa kazi ilikuwa tayari mezani, aliombwa abaki wiki mbili zaidi.

Alizunguka vijiji na meza ya kukunja. Wanawake walipanga foleni kwenye uwanja wa shule au mbele ya ofisi ya kata. Wengi walikwisha kujifungua, wakaja na watoto mgongoni, wakanyoosha mkono bila neno. Baadhi walishukuru. Mmoja alimtupia bangili kifuani baada ya kufunguliwa, akaondoka. Habari ya Kabembe ilikuwa imefika kila mahali, imeongezwa na kupunguzwa, na Subilaga hakuisahihisha ila pale alipoulizwa. Walioulizia hesabu ya siku zilizobaki hadi bangili irudi aliwaambia ukweli: miaka minne, kama mambo yataenda vizuri.

Siku ya tisa, kijiji cha Ngumbulu, alikuja mwanamke mpana wa mabega aliyeitwa Anyisile, tumbo la miezi minane. Aliketi kwenye kiti cha mbele kwa taabu. Hakunyoosha mkono.

"Hii yangu inasema," alisema.

Subilaga alitazama namba. Ilikuwa ya kijani. "Ndiyo, mama."

"Mwaka jana ililia. Nilikuwa na mimba ya yule." Alionyesha kwa kidevu mtoto aliyekuwa akitambaa kwenye nyasi karibu na dada mtu. "Zahanati wakanipigia simu mimi mwenyewe sijasikia hata kizunguzungu. Nilipofika hospitali nikaanguka mlangoni. Daktari akaniambia ningeanguka shambani, basi. Akaniambia pia ugonjwa huu ukikupata mara moja, unakujua."

"Ni kweli."

"Sasa nikivua hii, nani ataniambia?"

Wanawake wa nyuma walikuwa wamenyamaza ili wasikie. Subilaga alikuwa na majibu aliyoandikiwa kwenye karatasi: kliniki kila wiki, presha, mkojo, dalili za hatari. Aliyajua kwa moyo.

"Muuguzi wa zahanati yenu nitamwachia jina lako," alisema. "Atakupima kila wiki. Nimempa kipimo kipya cha presha."

"Muuguzi wetu ni mmoja kwa vijiji vitano."

"Najua, mama."

Anyisile alimtazama kwa makini, kama anayetafuta kitu usoni pake ambacho ameambiwa kipo.

"Ndiwe uliyekwenda Kabembe."

"Ndimi."

"Alijifungua nini?"

"Mtoto wa kike. Anaitwa Lugano. Sasa ana kilo mbili na nusu."

"Namshukuru Mungu." Anyisile alivuta pumzi, akapitisha kiganja juu ya tumbo kutoka upande mmoja hadi mwingine. "Nami ningekuwa wewe ningekwenda. Nisingeweza kukaa. Nataka ujue hivyo, usije ukadhani nimekuja hapa kukulaani."

"Asante, mama."

"Lakini mimi si wewe," alisema. "Wala siye yule wa Kabembe. Mimi ni huyu."

Akauweka mkono juu ya meza, kiganja kikitazama juu.

Subilaga alibonyeza kidole chake kwenye kufuli. Bangili ilitoa mlio mmoja mdogo wa kuaga, taa yake ikazimika, ikafunguka. Pale ilipokuwa ngozi ilikuwa nyororo na nyeupe kidogo kuliko pengine. Anyisile alipasugua kwa dole gumba, akasaini jina lake kwa herufi kubwa, akainuka. Alimwita bintiye, akambeba yule mdogo ubavuni, akashika njia ya mlimani polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache.

Subilaga alimtazama hadi alipopinda kona ya migomba. Kisha alifungua daftari lake mwenyewe, lile ambalo halikuwa la utafiti, akaandika jina, si namba: Anyisile wa Ngumbulu, miezi minane, Jumatano. Juu ya jina hilo yalikuwapo mengine mia mbili na arobaini na moja, ya wanawake aliowavua bangili kabla hawajajifungua.

"Anayefuata," aliita.